Taji la Basquiat na gauni la shangazi

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Pasua, Moshi, na ninachora. Mambo matatu ndiyo yanayonisukuma: kazi za wasanii Jean-Michel Basquiat na Wangechi Mutu ninazoziangalia kwenye simu, muziki wa dansi ambao babu hataki uzimwe nyumbani, pamoja na hip hop ya Arusha, na nguo za miaka ya 70 na 80 ninazozichagua Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi, na kuzivaa kila siku. Nimealikwa kwenye maonyesho ya pamoja huko Arusha, na waandaaji wanataka niandike nusu ukurasa kuhusu vyanzo vya msukumo wangu. Kila nikikaa kuandika nakwama, kwa sababu kijana mwenzangu aliziona kazi zangu akasema mimi ni mwigaji tu, "Basquiat wa Memorial". Je, ni kweli naiga? Haya matatu yanaungana vipi, au nichague moja niyaache mengine? Nimeambatanisha picha za kazi tatu.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi. Katika picha ya kwanza umeiga. Katika ya pili umeiga nusu. Katika ya tatu hujaiga mtu, na ndiyo kazi bora kuliko zote, ingawa umeipiga gizani na kuiweka mwisho kana kwamba unaionea aibu. Huyo kijana mwenzako amekosea kukuita mwigaji, lakini alichokiona kwenye picha ya kwanza kipo kweli. Na usichague moja. Shida yako si wingi wa unavyovipenda, ni kwamba hujavifuata mbali vya kutosha.

Tuangalie picha ya kwanza. Kichwa cheusi chenye meno wazi, taji la ncha tatu, maneno ya Kiingereza yaliyopigwa mstari. Mkono wako una nguvu, mistari haisitisiti, na ile rangi ya njano uliyoiacha ichuruzike imekaa vizuri. Lakini kila kilichomo kina mwenyewe. Basquiat alizaliwa Brooklyn mwaka 1960, baba yake Mhaiti, mama yake mwenye asili ya Puerto Rico. Utotoni aligongwa na gari akalazwa, na mama yake akampelekea kitabu cha anatomia, Gray's Anatomy. Ile mifupa, mafuvu na majina ya viungo unayoyaona kwenye kazi zake chimbuko lake ni hapo, na hata bendi aliyoianzisha ujanani iliitwa Gray. Taji aliwavika watu aliotaka waheshimiwe: mabondia, wanariadha, wapiga jazi kama Charlie Parker, Weusi ambao nchi yao iliwashangilia jukwaani na kuwadharau mlangoni. Maneno aliyapiga mstari kwa makusudi, maana neno lililokatwa humfanya mtu alisome kwa bidii zaidi. Alifariki mwaka 1988, akiwa na miaka 27.

Sasa nakuuliza: wewe taji lako umemvika nani? Nimetafuta jina, sura, alama yoyote ya mtu kwenye picha hiyo, sikuipata. Umechukua taji bila mvaaji. Na yale maneno ya Kiingereza uliyoyakata, ni nani wa Pasua angetamani kuyasoma? Hapo ndipo kuiga kunapoanza: pale unapochukua sura ya kazi ya mtu na kuiacha sababu iliyoizaa. Ungechukua namna yake ya kufanya kazi, mambo yangekuwa mengine kabisa. Yeye alikusanya vitu vilivyomzunguka, kitabu cha hospitali, sahani za muziki, maandishi ya kuta za mtaani, akavipandisha kwenye kanvasi vikiwa na heshima zote. Wewe kitabu chako cha anatomia ni kipi? Labda ni daftari la mkopo la duka la jirani. Labda ni mabango ya saluni yenye mitindo ya kusuka, au maandishi ya nyuma ya daladala, au misemo ya kanga za mama yako. Mashujaa wako ni nani? Usinijibu mimi, nenda kalijibu kwenye ubao wa kuchorea.

Muziki wa babu yako unaweza kukufundisha jambo hili kuliko darasa langu lolote. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za mfululizo wa GV zilisambaza muziki wa Cuba barani Afrika, na baadaye rumba ya Kongo ikafuata. Wanamuziki wetu walianza kwa kuiga waziwazi. Salum Abdallah wa Morogoro hakuficha alikochota: bendi yake aliiita Cuban Marimba. Lakini fuatilia kilichotokea baada ya hapo. Kila bendi ilijitafutia mtindo wake na kuutangaza kwa jina. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz na Saboso, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa na Sululu, Mlimani Park wakaja na Sikinde. Muulize babu: gitaa likilia kidogo tu, kabla mwimbaji hajafungua mdomo, anajua ni bendi gani. Gitaa lilitoka ng'ambo, mapigo mengi yalitoka ng'ambo, ila ukisikiliza unajua uko Tabora au Morogoro na si Havana.

Arusha nayo imo kwenye hadithi hiyo, jambo ambalo vijana wengi wa kwetu hawalijui. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, Wilson na George, walipiga muziki hapa Arusha wakijiita Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya mwaka 1971 na kuwa Simba Wanyika. Miaka mingi baadaye X Plastaz, kundi la hapa hapa mjini, wakachukua hip hop, muziki wa vijana wa Marekani, wakaunganisha na uimbaji wa Kimaasai. Albamu yao ya 2004 ikafika Ulaya na hakuna aliyeweza kusema ni Wamarekani wa bandia. Hao ndio ndugu zako wa kweli katika swali uliloniuliza.

Kuna mtu wa mlimani kwenu ambaye angekujibu kwa ukali kuliko mimi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alisoma Makerere, akachora kwenye kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya maisha ya Yesu yakiwa katika mandhari ya vilima na watu wa pale, kazi aliyoimaliza mwaka 1959. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, na huko Marangu alianzisha jumba la sanaa la Kibo. Kauli yake inayojulikana zaidi ni kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Ni kauli nzito, nami naikubali kwa kazi unayoiweka sahihi yako na kuitundika ukutani. Kwa daftari siikubali. Ndani ya daftari nakili upendavyo, nakili mpaka vidole viume, kwa sababu mkono hujifunza kwa kufuata mkono mwingine. Nakili Basquiat, nakili Tingatinga, nakili hata kalenda ya duka la dawa. Kisha funga daftari, geuza kanvasi, na usilifungue tena hadi kazi iishe.

Nimemtaja Njau kwa sababu nyingine pia. Orodha yako ya wasanii ina mtu wa New York na mtu wa Nairobi anayefanya kazi New York. Sikuoni vibaya kwa hilo, simu inakuletea kilicho maarufu. Ila wewe umekulia chini ya mlima ambao umetoa wachoraji wakubwa, na inaniuma kwamba hakuna aliyekutajia. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro wa mwaka 1923, alisoma Makerere kisha shule ya sanaa ya Slade, London, na baada ya Uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Alichora migomba, mavuno, shughuli za vijijini, watu wadogo wadogo wakitembea kwenye kijani kizito. Jumba la sanaa la MoMA la New York lina kazi yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Fikiria hilo: Wachagga na mbege yao usiku, ndani ya jumba ambalo vijana wa dunia nzima wanaota kuingia.

Na yupo Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu mwaka 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973, akasomea anthropolojia, na maonyesho yake ya kwanza akayafanya kwenye Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Amechora wanawake, uchungu, kumbukumbu zinazoumiza, na ameshona na kubandika nguo na vitu vilivyookotwa ndani ya kazi zake. Mwaka 2022 jumba la picha za watu la taifa huko London, National Portrait Gallery, lilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jumba hilo kupata picha ya rangi ambayo mwanamke Mweusi amejichora mwenyewe. Mwanamke wa Marangu! Mtafute kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Sisemi hivyo kwa sababu ya ujirani. Ni kwa sababu anafanya kile unachojaribu kukifanya kwenye picha yako ya tatu.

Picha ya pili nitaipitia haraka. Mwanamke mwenye mwili uliokatwa kutoka kwenye majarida ya mitindo, magurudumu ya pikipiki mahali pa magoti. Uso umeuchora mwenyewe, na ni uso wa mtu niliyewahi kupishana naye stendi ya Moshi. Uso ni wako, mwili ni wa Wangechi Mutu. Yeye, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1972, alikata majarida ya mitindo na michoro ya vitabu vya tiba kwa sababu alikuwa anahoji jinsi kurasa hizo zinavyoukatakata mwili wa mwanamke Mweusi. Mkasi wake una hoja. Tafuta karatasi ambazo nyinyi mabinti wa Moshi mnatazamiwa kupitia hizo, ukate hizo. Uso usiuguse.

Sasa picha ya tatu. Shangazi yako ameketi, gauni la kijani la poliesta, kola ndefu, redio ya mbao nyuma yake, na sehemu ya gauni umebandika kitambaa chenyewe. Umeandika kwamba gauni hilo alilitoa kwenye sanduku lake. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nguo zako zinapoacha kuwa mapambo na kuwa jambo la kusemwa.

Nguo za zamani unazozipenda ni za aina mbili, nawe unazichanganya. Ya kwanza ni ile ya belo la mitumba. Suruali ya bugaluu uliyoichagua Memorial ni kweli ya miaka ya 70, lakini miaka hiyo haikuvaliwa Moshi. Ilivaliwa labda Hamburg, labda Ohio, na mtu ambaye hutamjua. Ni zamani ya watu wengine iliyofungwa kwa kamba ikapakiwa kwenye kontena. Ya pili ni ile ya sandukuni kwa shangazi, na hiyo ina historia tofauti kabisa. Katika miaka ya Ujamaa nguo za mitumba hazikuwa zinaingizwa nchini kihalali kwa wingi kama leo. Mlango ulifunguka biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo watu walivaa vitambaa vya viwanda vyetu, Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, Mwatex cha Mwanza, Kiltex cha hapa Arusha, na kilichopatikana kwa njia za magendo kutokea mpakani. Kitambaa kilinunuliwa kwa mita, kikapelekwa kwa fundi cherehani pamoja na picha ya gazeti au maelezo ya mdomo: nataka kola kama ya yule mwimbaji. Wale wanamuziki wa babu walioko kwenye makasha ya santuri, na mashati yao ya kubana na suruali pana chini, wengi walivishwa na mafundi wa mtaani.

Kwa hiyo gauni la shangazi lina mkono wa fundi wa Moshi ndani yake. Ligeuze utazame mishono: iliyonyooka kwa mashine ya kukanyaga, ukingo uliofungwa kwa mkono, labda kipande cha kitambaa kingine kilichoongezwa kwapani baada ya miaka kwa sababu mwenyewe alinenepa. Hayo chora. Nguo ya belo nayo igeuze, uisome lebo. Imeandikwa Ujerumani Magharibi? Basi ni ya kabla ya Oktoba 1990. Czechoslovakia? Ni ya kabla ya 1993. Ile lebo ndogo nyekundu ya Levi's ikiwa na herufi E kubwa, kwa kawaida suruali ilishonwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 1971. Fulana yenye mstari mmoja tu wa mshono kwenye pindo la mkono mara nyingi ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Nguo ya Marekani yenye lebo ya maelekezo ya kufua kwa kawaida ni ya baada ya 1972, sheria ilipoanza kuwalazimisha watengenezaji kuiweka. Zipu ya chuma kwenye gauni inakurudisha nyuma zaidi ya zipu ya nailoni. Mwenye jicho kama lako akijua haya, kuchagua pale Memorial kunakuwa utafiti.

Tena mavazi hapa kwetu hayajawahi kuwa jambo dogo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita Dar es Salaam. Miaka hiyo hiyo, huku mkoani Arusha, Wamaasai walikuwa wanashinikizwa waache mavazi yao wavae suruali na mashati. Msichana wa mjini aliambiwa amejifunua kwa sababu ya Uzungu, na Mmaasai aliambiwa amejifunua kwa sababu ya ushamba. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapa Arusha wakaazimia kuondoa mitumba sokoni ndani ya miaka mitatu. Ukienda Memorial kesho utaona azimio hilo lilifikia wapi. Muulize shangazi alivaa nini mwaka 1969 na nani alimkemea. Jibu lake lina thamani kwa kazi yako kuliko video mia za wasanii wa New York.

Umeuliza haya matatu yanaungana vipi. Yanaungana kwa yule fundi anayepunguza nguo za mitumba. Mtu anamletea koti la mwanaume mnene wa Ulaya, naye analifumua, anakata mabega, anahamisha mifuko, na jioni linatoka likiwa la kijana wa Pasua. Dansi ilifanya hivyo kwa rumba, X Plastaz walifanya hivyo kwa hip hop, nawe unatakiwa kufanya hivyo kwa Basquiat. Kazi yako ya kwanza inaonyesha koti uliloingia nalo sokoni likiwa halijapunguzwa, mikono inaburuta.

Kama unataka kuona waliokwisha kuunganisha nguo na muziki na picha, mtazame kwanza Malick Sidibé wa Bamako, Mali. Miaka ya 1960 alibeba kamera kwenda kwenye dansi za vijana, akawapiga wakicheza twist wakiwa wamevaa nguo walizoshonesha kwa ajili ya usiku huo, na wengine wakaja studio wakiwa wameshikilia santuri kama mtu anavyoshika mtoto wake. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, mpiga picha wa kwanza kupewa heshima hiyo. Kisha umtazame Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1954, aliyeshinda tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza mwaka 2017. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Himid amechora kazi nyingi zenye umbo la kanga, pindo, mji na maneno yake, na mwaka 2004 alitengeneza watu 100 wa mbao waliopakwa rangi, wenye ukubwa wa binadamu, wakiwa na mavazi ya rangi kali, huku sauti na muziki vikisikika ukumbini; ni watumwa wa Kiafrika katika majumba ya Ulaya, na kila mmoja anataja jina alilokuwa nalo na jina alilopewa. Sikiliza jinsi mavazi, sauti na uchoraji vinavyofanya kazi moja pale, hakuna kilichokuja kupamba kingine.

Yinka Shonibare, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria, naye ni wako, maana ametengeneza maisha yake yote ya kisanii kutokana na kitenge. Vitambaa ambavyo dunia inavitambua kama vya Kiafrika vilianza kama batiki za Java zilizonakiliwa kwa mashine na Waholanzi katika karne ya 19, vikapata soko Afrika Magharibi, vikawa vyetu. Shonibare alivinunua soko la Brixton, London, akashonea magauni ya Kiingereza ya zama za Malkia Victoria. Ukimsoma vizuri huyu, neno "mwigaji" halitakutisha tena.

Na mtazame mchoraji Michael Armitage wa Nairobi, kwa sababu ya unachochorea juu yake. Yeye huchora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti kutoka Uganda, aliyoikuta kwenye soko la watalii Nairobi. Matundu na mishono ya gome anayaacha yaonekane na yanaamua mistari ya picha ipite wapi. Wewe una mitumba. Mshono wa pajani mwa suruali ya zamani ni mstari uliokwisha kuchorwa, uanzie hapo.

Kuhusu muziki nina ombi moja tu: usichore magitaa na maikrofoni. Sikiliza dansi ya babu kama mchoraji. Kuna gitaa la rizimu linalorudia kitu kile kile, juu yake gitaa la solo la pili linaloitikia, juu kabisa solo lenyewe, na baada ya mashairi huja chemko pale ambapo kila mtu anasimama kucheza. Jaribu kanvasi yenye rangi ya chini inayojirudia kama rizimu, mchoro wa pili unaoitikia, na sehemu moja tu inayochemka. Kwenye picha ya tatu redio imekaa nyuma kama fenicha. Ikiimba, ukuta ule usingekuwa wa kahawia tupu.

Kabla ya kubandika vitambaa vingine, fua nguo bila dawa ya kulainisha, ikauke kabisa. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: pamba huacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu. Pamba hunywa gundi na rangi vizuri; poliesta inateleza, kwa hiyo ibandike kwa gundi nyeupe ya mbao kisha uishone kwa uzi kwenye kingo, usiiamini gundi peke yake. Usiiweke kazi mkabala na dirisha lenye jua, kijani kile kitapauka.

Sasa nusu ukurasa wa waandaaji. Usianze na Basquiat. Usianze na "tangu utotoni nilipenda kuchora", kila msanii huandika hivyo na hakuna anayesoma zaidi. Anza na gauni: ni la nani, lilishonwa Moshi, kitambaa kilipatikana vipi. Kisha sema babu anapiga bendi gani na wewe unasikia nini ndani yake unapochora. Kisha nguo za belo, na kwamba unajua tofauti ya zamani ya Hamburg na zamani ya Pasua. Wasanii wataje mwishoni, wawili au watatu, na kwa kila mmoja sentensi moja inayosema umejifunza kufanya nini kutoka kwake. Mfano: "Kutoka kwa Everlyn Nicodemus nimejifunza kuacha mshono uonekane." Sentensi ya namna hiyo mwigaji hawezi kuiandika. Andika kwa Kiswahili kwanza, hata kama wanataka Kiingereza pia. Tafsiri ije baadaye.

Peleka picha ya tatu, na nyingine mbili mpya kama utaziwahi, za watu wa nyumbani kwenu na nguo zao. Ya kwanza ibaki ukutani chumbani kwako, ni zoezi zuri. Kwenye kibandiko cha kila kazi andika vifaa kwa ukamilifu: rangi ya akriliki, kitambaa cha gauni la poliesta la miaka ya 1970, uzi wa pamba. Mwombe shangazi ruhusa ya kutaja jina lake. Ukichora kutoka kwenye picha ya studio iliyopigwa na mtu, mtafute mpiga picha au familia yake uombe, na umtaje. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, hivyo hata kazi za Basquiat bado zina mwenyewe kisheria. Mtindo wa mtu haulindwi na sheria hiyo. Kazi yenyewe aliyoichora ndiyo inayolindwa. Ukimaliza nusu ukurasa huo nitumie niusome kabla haujaenda kwa waandaaji, na picha ya tatu uipige upya nje, kivulini, asubuhi.